NYUMBA NDANI YA MOTOKARI: KURA INATOKA WAPI, NA MAJI NAYO?

(Somo la fizike. Limetayarishwa na wanafunzi wa mwaka wa tano)



Katika sanduku la magazeti ya zamani ya bibliotheke yetu kuna gazeti moja lenye picha ya motokari ndogo ya Volkswagen. Dari yake imeinuliwa juu kama kifuniko cha sufuria, mlango wa ubavuni uko wazi, na ndani munaonekana kitanda, meza, jiko la gazi na robine. Inje mama mmoja ameketi kwa kiti cha kukunja, anamenya viazi. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza alitazama picha hiyo kwa muda murefu, halafu akauliza: "Yaya, hii motokari iko na robine, lakini tiyo iko wapi? Na kura wanatosha wapi?"

Tulicheka. Kisha tukaona kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumujibu vizuri. Tukapeleka swali hilo kwa mwalimu wetu wa fizike. Naye, kama ilivyo kawaida yake, hakutupa jibu. Alitupa kipande cha chaki. Tulifanya hesabu juma mbili. Tena tulikuwa na sababu yetu wenyewe ya kutafuta jambo hili, nayo ni minibus ya kwaya. Wale waliosukuma wanaijua. Tutaifikia.

Tuanze na picha. Volkswagen ilianza kutengeneza motokari ya namna hiyo mwaka 1950 katika Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1951, kiwanda kingine cha Ujerumani kinachoitwa Westfalia kilianza kutia ndani yake vyombo vya nyumba, kusudi mtu atembee juma nzima na kulala mumo humo. Kazi hiyo ilienea Ulaya na Marekani, na leo kuna motokari za namna hii kubwa kama basi. Mtu anaweza kusema si jambo jipya, juu Abrahamu baba yetu alikaa katika mahema. Ni kweli, lakini Abrahamu hakutafuta prizi.

Watu wanaolala katika motokari namna hii wanafanya kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuingia katika kambi ya kulipia. Kila motokari inapewa fasi yake, na kwenye fasi hiyo kuna nguzo fupi yenye prizi ya umeme. Mara nyingi kuna na robine, na katika kambi nyingi za Marekani kuna na tundu chini ya kupokea maji machafu. Mwenye motokari anafunga waya mmoja na tiyo mbili, basi, anakuwa kama mtu wa mji. Njia ya pili ni kulala pasipo kufunga kitu: katika jangwa, porini, kando ya ziwa. Hapo anakula alichobeba.

Kwa macho, tofauti ni waya mmoja tu. Kwa hesabu, ni tofauti kubwa kuliko tulivyofikiri.

Katika Marekani nguzo za kawaida zinatoa ampere 30 kwa volti 120. Tunajua sote kanuni: nguvu ni volti mara ampere. 120 mara 30 ni wati 3600. Motokari kubwa wanapewa nguzo ya ampere 50 yenye nyaya mbili za volti 120, na hiyo inafika wati 12000. Katika Ulaya umeme ni wa volti 230, lakini kambi nyingi hazitoi ampere nyingi: 6, au 10, au 16. Pale penye ampere 6 mtu anapata wati 1380 tu. Akiweka birika ya umeme ya wati 2000, kile kifaa cha usalama kwenye nguzo kinakata, na anabaki gizani na maji baridi. Kwa hiyo hata mwenye kufungwa kwa waya sharti ajue kuhesabu kidogo.

Neno moja kuhusu ule waya, juu na sisi tunatumia waya murefu namna hiyo siku za sikukuu. Kama umezungushwa kwa gurudumu lake, sharti uufungue wote, hata kama prizi iko karibu. Kila waya unaopitisha kura nyingi unapata moto kidogo. Ukiwa umelala chini umenyooka, moto unaondoka hewani. Ukiwa umezungushwa mara makumi, moto hauna fasi ya kutokea, mpira wa waya unayeyuka, na nyumba inaweza kuungua. Tulioandika somo hili tumewahi kuona waya wa sikukuu ukitoa moshi, tukafikiri ni mambo ya bei rahisi. Kumbe tuliuacha umezungushwa.

Sasa njia ya pili. Mfano mzuri ni Quartzsite, mji mdogo katika jangwa la Arizona, Marekani. Serikali ya Marekani iko na ofisi ya ardhi inayoitwa Bureau of Land Management, yenye kuchunga eka karibu milioni 245. Ni karibu kilometa milioni moja za eneo, maana yake karibu mbili kwa tano za nchi yetu yote ya Kongo. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu anaruhusiwa kulala bure fasi moja kwa siku 14 ndani ya siku 28, halafu sharti ahame. Lakini karibu na Quartzsite kuna eneo linaloitwa La Posa, ambako kwa kulipa mtu anaweza kukaa tangu tarehe 15 ya mwezi wa 9 mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 4, wakati wa baridi. Kuna fasi ya kuchota maji na fasi ya kumwaga uchafu. Prizi hakuna. Watu wanakuja kwa maelfu.

Wengi kati yao ni wazee wenye feza, wanaokimbia teluji ya kaskazini. Lakini si wote. Baada ya mwaka 2008, mabenki yalipoanguka kule Marekani, watu wengi walipoteza nyumba zao na kazi zao, na wengine wakaanza kukaa katika motokari juu hawakuweza tena kulipa nyumba. Mwandishi mmoja, Jessica Bruder, aliwafuata wazee wa namna hiyo na kutoa kitabu Nomadland katika mwaka 2017; filamu yake ilitoka mwaka 2020. Mtu mwingine, Bob Wells, alianzisha mwaka 2011 mkutano wa mwezi wa kwanza karibu na Quartzsite, kusudi wenye kukaa katika motokari wafundishane mambo haya ambayo sisi tunayaandika hapa: bateri, maji, choo. Kusema kweli, tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Tulikuwa tunafikiri picha ile ni ya vacances tu. Hatukujua kwamba katika nchi tajiri namna ile kuna bibi anayehesabu bidoni zake za maji sawa na nyanya zetu.

Turudi kwa chaki. Mtu wa La Posa iko na bateri ya volti 12. Tuseme imeandikwa 100 Ah, maana yake inaweza kutoa ampere 5 kwa saa 20. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1200. Lakini hapa kuna mtego. Bateri ya risasi, ile tunayoijua, haitaki kumalizwa. Ukiitumia kupita nusu kila siku, inakufa mbio. Kwa hiyo kati ya wati-saa 1200, zako ni 600. Ukiipima na volti-metre imepumuzika, bateri yenye kujaa inaonyesha karibu volti 12,7. Ikionyesha 12,1 au 12,2, imefika nusu: acha. (Kuna bateri mpya za litiyumu ambazo zinakubali kutumiwa karibu zote, tena ni nyepesi, lakini bei yake, wandugu, tuiache.)

Wati-saa 600 zinafanya nini? Frigo ndogo ya wati 45 haifanyi kazi saa zote. Tuseme saa 8 kwa siku: 360. Ampuli mbili za LED, wati 5 kila moja, saa 4: 40. Pompe ndogo ya maji, ya wati 48, robo saa: 12. Telefone mbili, 15 kila moja: 30. Kipepeo cha wati 20, saa 6: 120. Jumla ni 562. Siku moja tu, na bateri imefika pale pa kuacha.

Mwalimu akatuuliza: "Na ule wa kambi ya kulipia, mwenye wati 3600 kwa nguzo, anazipata hizo 600 kwa muda gani?" 600 gawanya kwa 3600 ni moja ya sita ya saa. Dakika 10! Kile ambacho mtu wa jangwani anakilinda tangu asubuhi mpaka usiku, nguzo inaweza kukitoa wakati mwenzake anapiga pasi mashati yake. Hesabu hii ndiyo ilitufanya tuelewe.

Kwa hiyo mtu asiyefungwa kwa waya hapiki kwa umeme, wala hapigi pasi kwa umeme. Pasi ya wati 1000 inamaliza wati-saa zake 600 kwa dakika 36. Tena kwa volti 12 wati 1000 ni zaidi ya ampere 83, na kura hiyo inataka waya munene kama kidole. Ndiyo maana katika motokari hizi nyaya za bateri ni nene na fupi, na kila waya unaanza na fizibu karibu na bateri, kusudi waya ukigusana na chuma, fizibu ikatike kabla ya moto kuwaka. Ampere nyingi ndizo zinaleta moto, hata kama volti ni kidogo. Watu wanasema volti 12 haiui. Mtu pengine haiui, lakini motokari inaichoma.

Bateri inajazwa namna gani? Ya kwanza, na jua. Pano ya wati 200 haitoi wati 200 siku nzima. Tukihesabu kama saa 4 za jua kali ni 800, na tukiondoa robo inayopotea katika moto, vumbi na nyaya, zinabaki 600. Inatosha kabisa, kama kuna jua. Siku tatu za mawingu, frigo inazimwa. Ya pili, na motere yenyewe wakati wa kutembea. Lakini sharti bateri ya nyumba na bateri ya kuwashia motere ziwe mbili tofauti, na katikati yao kuwe na relee inayozitenga mara tu motere ikizimwa. Mukumbuke relee hiyo.

Kupika ni kwa gazi. Kilo moja ya propane iko na nguvu ya megajule karibu 46, ambayo ni wati-saa zaidi ya 12000. Gawanya kwa 600: kilo moja ya gazi inabeba nguvu kupita siku 20 za bateri yetu! Tulirudia hesabu hiyo mara tatu, tukifikiri koma imehama. Haikuhama. Lakini gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hivi. Ikivuja, haipandi juu kutoka kwa dirisha. Inashuka na kulala chini kama maji, karibu na vitanda. Ndiyo maana kabati la chupa ya gazi lina tundu chini, kwenye sakafu yenyewe, na tundu hilo haliziibwi na kitambaa hata kama upepo wa baridi unaingia.

Maji: hapa sisi wa huku hatuna cha kujifunza sana, tunaweza kufundisha. Litre moja ni kilo moja. Tanki ya litre 80 ni kilo 80, kama kubeba mtu mzima mwingine, na motokari iko na uzito wake ambao haifai kuupita. Mtu akifungua mvua ya kuoga litre 6 kwa dakika, dakika 10 zinakula litre 60, na tanki inabaki na 20. Kwa hiyo wanaoga kama sisi: kikombe na beseni. Maji yaliyotumika kwa kunawa na kuosha sahani wanayaita maji ya kijivu; ya choo wanayaita maji meusi. Yote yanaingia katika tanki zake chini ya motokari. Katika motokari ndogo choo ni kama sanduku la litre 18 au 20 lenye mpini, linavutwa kupitia mlango mdogo wa ubavuni. Kumwaga maji meusi porini au mtoni ni kosa kubwa, na miji mingi imefukuza motokari hizi kwa sababu ya wachache waliofanya hivyo. Wanaotoka kwa kipindupindu hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa tumefika kwa minibus.

Mwaka jana kwaya ilisafiri kwa mkutano wa vijana, na kule fasi ya kulala haikutosha, basi vijana kumi walilala ndani ya minibus. Jioni tulifunga konvertisere kwa bateri ya minibus, tukaweka ampli ya wati 120 na ampuli za wati 30. Tuliimba saa 4. Ilikuwa vizuri sana! 150 mara 4 ni wati-saa 600, bila kuhesabu zile ambazo konvertisere yenyewe inakula. Bateri ile ni ya 70 Ah, yaani wati-saa 840 ikiwa mpya na yenye kujaa, na haikuwa mpya. Tena ni bateri ya kuwashia: imetengenezwa kutoa ampere mamia kwa sekunde chache, si kutoa kidogo kidogo usiku mzima. Asubuhi shofere alizungusha ufunguo. "Tik." Hakusema kitu, alishuka, akatutazama mmoja mmoja. Tulisukuma mpaka juu ya mlima ule wa matope, na wasichana na mavazi yao ya kwaya, na tulifika kwa ibada wakati watu wanaimba wimbo wa mwisho. Bateri moja kwa kazi mbili, relee hakuna. Si shetani, si shofere. Ni 600 kwa 840.

Lakini hiyo haikuwa hatari ya kweli. Usiku ule kulikuwa na baridi, na kwa saa tano hivi za usiku wawili wetu walibeba mbabula yenye makala ya kuwaka, kusudi waiingize ndani ya minibus na kufunga madirisha. Mama mmoja mpishi alikuwa bado anaosha masufuria. Aliwaita: "Wanangu, munapeleka wapi ile moto?" Wakamwambia. Mama akachukua mbabula mikononi mwao, akaiweka chini, akasema: "Ile ni nyumba ya chuma. Mutalala, hamutaamuka." Wale wawili walikasirika, na sisi wengine tulisema mama anaogopa bure, juu makala yalikuwa mekundu, hayana moshi hata kidogo.

Mwalimu alipotueleza, tulishikwa na woga mwaka mzima baadaye. Makala yakiungua pasipo hewa ya kutosha yanatoa oksidi ya kaboni, CO. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Damu yetu inaishika CO kwa nguvu kupita mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, inajaza damu polepole na kufukuza oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inalegea, na mtu aliye katika usingizi hasikii hata hayo. Moshi ungewaamusha, makala mekundu yasiyo na moshi yanadanganya. Minibus iko na hewa ya metre-kibe 10 hivi, kwa watu kumi. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu wanakufa namna hiyo katika motokari na mahema, na majiko madogo ya kuchoma nyama wanayoingiza kwa kutafuta joto, na kwa sababu hiyo wanaweka ndani kifaa kidogo kinacholia CO ikizidi. Sisi hatuna kifaa hicho. Tulikuwa na mama. Kwa njia ya gazeti hili, wale wawili wametuomba tuandike kwamba wanamushukuru.

Mwezi wa 8 kwaya itasafiri tena. Prefe amekubali bateri ya pili ya 100 Ah, na baba mmoja wa parokia ametoa pano ya wati 100 kwa mkopo. Mbabula itabaki kwa jikoni. Kila mtu atabeba blanketi mbili, na dirisha moja kila upande litaachwa wazi vidole viwili.

ZOEZI. 1. Kwaya itatumia kila usiku ampli ya wati 120 kwa saa 3, ampuli nne za wati 5 kwa saa 4, na telefone 6 zenye kutaka wati-saa 15 kila moja. Bateri inaondoka imejaa, na hatushuki chini ya nusu. Pano inapata saa 4 za jua kali kwa siku, robo inapotea. Usiku wa pili tutafika mwisho wa wimbo? Kama hapana, tuondoe nini? 2. Watu 18, siku 3, litre 5 za maji kwa mtu kwa siku: tutabeba kilo ngapi, na ni bidoni ngapi za litre 20?

Majibu yatiwe katika sanduku la gazeti, mlangoni mwa bibliotheke, kabla ya siku ya tano ijayo saa sita. Majina ya waliopata yataandikwa katika namba inayofuata. Wanakwaya wote watafanya zoezi la kwanza, na wa kwanza kabisa ni ndugu yetu yule aliyefunga konvertisere.